Nairobi–New York ni masaa mangapi? Mamangu kapiga hesabu yake

Assalam aleikum watu wa nyumbani, hamjambo, niko hapa Jersey City, ng'ambo ya mto tu kutoka New York, kwa dirisha kama mnavyoona, na leo najibu lile swali mnaloniuliza kila siku, Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi.

Mamangu kule Mombasa yeye ashajijibu zamani. Alichukua tiketi yangu akaisoma, ndege yaondoka Nairobi saa sita u nusu usiku, yatua New York saa mbili u nusu asubuhi, siku ile ile. Akahesabu kwa vidole, masaa manane. Mtaa mzima ukaambiwa Marekani si mbali, ni kama kupanda basi la usiku la Nairobi tu! Halafu akaona ya kurudi: kutoka New York saa saba mchana, kufika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi. Masaa ishirini na moja. Akanipigia, "Mwanangu, kwani wakirudi hiyo ndege wanaisukuma?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Sasa ukweli ni huu, kwenda ni kama masaa 15 hewani na kurudi ni kama 14, yaani kurudi ndio kufupi. Saa za New York ziko nyuma ya Nairobi masaa 7, na kuanzia Novemba mpaka Machi yanakuwa 8 coz huku wanarudisha saa nyuma, kwa hivyo ukija huku wapewa masaa ya bure, ukirudi nyumbani wayalipa yote.

Na mbona kurudi ni kufupi? Upepo. Huko juu ndege inakopita, upande huu wa kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani wakupiga wa omo, yaani wa mbele usoni, ukirudi wakusukuma. Wengine husema ati ni dunia inazunguka, hapana, hewa nayo yazunguka na dunia. Mamangu hapa alinielewa haraka kuliko nilivyotarajia, babake alikuwa baharia, majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, ambaye hajui kungoja upepo Mombasa ni nani.

Umbali wenyewe ni kilomita 11,800 na kitu, chukua barabara ya Mombasa–Nairobi uende na kurudi mara kumi na mbili na bado hujafika. Na tushukuru, kabla ya Oktoba 2018 Kenya Airways ilipoanza kwenda moja kwa moja, lazima uunganishe London au Amsterdam au Dubai, ukalale kwenye viti vya chuma umekumbatia begi.

Lakini msihesabu hewani peke yake jamani. Mimi nilitoka nyumbani saa saba mchana nikashika treni ya SGR ya saa tisa, Nairobi usiku, airport foleni, ndege, kushuka foleni ya uhamiaji, treni tena mpaka Jersey, nafungua mlango wangu saa tano asubuhi ya huku. Hesabuni wenyewe, ni 29, miguu imefura kama mahamri.

Mamangu nimemweleza yote haya. Juzi nampigia nasikia anamwambia jirani, "Ni masaa manane tu bibi, ila kurudi ndio kuna foleni."