Ndoo Kumi na Moja za Mama wa Tandale

KOKU: Tunarekodi? Haya. Wapendwa, karibuni tena. Mkisikia kitu cha plastiki kinagonga gonga, ni Elisante, ameingia studio na ndoo. Ya bluu, lita 20, na mfuniko wake. Imeandikwa "Yesu Anakupenda", na chini yake namba ya simu.

ELISANTE: Namba ya mzee wetu mmoja wa kanisa. Mpaka leo anapigiwa usiku, "Mzee, ndoo zimebaki?"

KOKU: Maskini wa Mungu. Eleza.

ELISANTE: Da Koku, unajua mwanangu ana kipaimara Jumapili.

KOKU: Najua. Na kadi ya mchango nimeiona, usinikazie macho.

ELISANTE: Sijasema kitu. Sasa mke wangu akasema wageni ni wengi, maji ya bomba siku hizi hayaaminiki, tukodi ndoo tujaze mapema. Shemeji yangu akasema yupo mama Tandale anakodisha, 500 ndoo moja kwa siku, anakuletea mwenyewe na bajaji. Alhamisi zikaja. Nashusha ya kwanza, ina jina la kanisa fulani. Ya pili, nembo ya shirika. Ya tatu naona mwandiko ninaoujua.

KOKU: [anacheka] Usiniambie.

ELISANTE: Yetu! Tuliigawa sisi, idara ya diakonia, ile ya kuhudumia wahitaji kanisani, mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyeshika daftari la majina.

KOKU: Kwa hiyo umelipa 500 kukodi ndoo uliyoichangia.

ELISANTE: Nimelipa. Na bado akaniachia masharti: ikipasuka ni 8,000.

KOKU: [anacheka sana] Huyo mama nampenda bila kumwona. Ulimwuliza?

ELISANTE: Nilimwuliza kwa adabu. Akaniambia, "Mwanangu, kipindupindu kikija mnaleta ndoo. Mvua ikijaa mnaleta ndoo. Krismasi ndoo na unga. Mimi na wajukuu wawili tutachota wapi maji ya ndoo zote hizo?" Anazo 11. Majirani nao wanampelekea za kwao, wakipata shughuli wanagawana.

KOKU: Ameanzisha benki.

ELISANTE: Benki ya ndoo, Koku. Ina wanachama, ina gawio, na haina bango.

KOKU: Haya, msikilizaji, leo tulikuwa na mpango. Elisante amekuja na karatasi, mambo matatu ya yule mzee wa Mississippi. Tuanze kabla ndoo haijatumeza.

ELISANTE: John Perkins, mhubiri mweusi wa Marekani. Amezaliwa Mississippi, kusini kule, 1930, mama yake akafa yeye akiwa mchanga wa miezi, kwa ugonjwa wa lishe duni. Kaka yake Clyde alirudi kutoka vita vya pili vya dunia, akapigwa risasi na askari wa mji wao mwaka 1946. Ndugu wakamwambia Perkins, ondoka, hapa utakufa. Akaenda California 1947. Shule aliishia darasa la tatu hivi, lakini kule akapata kazi, nyumba, maisha.

KOKU: Na wokovu.

ELISANTE: Na wokovu, 1957. Akawa anakwenda kuhubiri kwa vijana waliofungwa, akakuta wengi ni weusi wa kusini kama yeye, familia zao zimekimbia ufukara uleule. Mwaka 1960 akafunga mizigo, akarudi Mississippi, mji wa Mendenhall. Alirudi kuishi pale, hakuwa mgeni wa siku mbili. Ndipo likaja jambo lake la kwanza: kuhamia. Ukitaka kuwatumikia watu, uishi nao. La pili kupatanisha, la tatu kugawana upya mali. Mwaka 1989 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuwaunganisha Wakristo wanaofanya kazi hiyo Marekani nzima.

KOKU: Katikati umeruka. Jela.

ELISANTE: Jela ya Brandon, 1970. Vijana walikuwa wamekamatwa, akaenda kuwafuatilia, askari wakampiga karibu wamuue. Ndiyo maana akisema upatanisho sikilizeni, si neno la kwenye semina. Lakini hilo ni la pili, tutafika.

KOKU: Tubaki kwenye kuhamia. Mimi nimezaliwa Manzese, nipo Manzese, nitazikwa... hapana, nitazikwa Bukoba, baba yangu hatanisamehe. Lakini naishi Manzese. Sasa huyo mzee ananiitaje mimi? Sijahamia popote.

ELISANTE: Una jina kwao. Wapo wanaohamia, wapo wanaorudi, na wapo waliobaki. Wewe ni wa waliobaki.

KOKU: Waliobaki. Nimeipenda. Na wewe wa Goba mwenye geti?

ELISANTE: Mimi ni wa... naandaa kipaimara.

KOKU: [anacheka] Anaandaa kipaimara! Elisante, hebu niulize. Siku mlipogawa hizo ndoo, nani aliamua iwe ndoo?

ELISANTE: Kamati.

KOKU: Kamati inakaa wapi?

ELISANTE: Unajua inakaa wapi.

KOKU: Basi hapo ndipo kuhamia kunapoingia. Kamati ingekuwa na mtu mmoja tu wa Tandale angesema, jamani, ndoo tumeshiba.

ELISANTE: Nakubali. Na mfano wake upo. Chicago, mtaa wa Lawndale. Kijana mmoja mzungu, Wayne Gordon, alihamia pale miaka ya 1970, kanisa likaanza 1978 na watu wachache tu. Akawauliza, tufanye nini hapa mtaani? Wewe ungetegemea waseme mkutano wa injili. Wakasema wanataka mahali salama pa kufulia nguo.

KOKU: Mashine ya kufulia!

ELISANTE: Mashine ya kufulia. Ndiyo huduma ya kwanza. Zahanati ilikuja baadaye, 1984, na leo ni mtandao mkubwa wa afya. Lakini walianzia kwenye nguo chafu kwa sababu waliulizwa.

KOKU: Na hawakupigwa picha wakiwa wameinua sabuni juu.

ELISANTE: Ah, umeanza.

KOKU: Sijaanza, nimefika. Ile picha iliyokuwa kwenye kundi lenu, akina mama wamepangwa mstari, "Mama, inua ndoo juu kidogo, jina lionekane." Elisante, wale ni mama zetu. Kuna mmoja namfahamu, watoto wake wanasoma, wana simu. Wamemwona mama yao ameinua ndoo kama kombe la mpira.

ELISANTE: Wafadhili wanataka ripoti, dada.

KOKU: Wapeni risiti.

ELISANTE: [anacheka] Hapo sikupingi, picha ikome. Ila mimi nadhani picha ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni kugawa bure. Na ndipo huyu mama alipogeuza mawazo yangu. Ndoo aliyopewa bure haikumpa heshima yoyote, aliinua akapigwa picha. Ndoo hiyohiyo alipoigeuza biashara, mimi niliyemwandika kwenye daftari nikawa mteja wake. Ananipa masharti! Alisimama getini kwangu kama mtu anayenidai, na kweli ananidai.

KOKU: Sawa, endelea, naona unakokwenda na sikupendi.

ELISANTE: Nakwenda Atlanta. Robert Lupton, mtu wa huduma za mjini kwa miaka mingi. Krismasi moja alikuwa amekaa nyumbani kwa familia maskini, wanasubiri watu wa kanisa walete zawadi za watoto. Gari likafika, wageni wamevaa vizuri, watoto wanaruka. Mama anatabasamu kwa shida. Baba? Alitoka kwa mlango wa nyuma, hakuweza kukaa pale watoto wake waone kwamba hana.

KOKU: Mm. Hiyo inauma.

ELISANTE: Basi Lupton akabadilisha. Wafadhili wakaambiwa, leteni vitu vya watoto bila kuvifunga, vikawekwa dukani, bei ya chini sana. Wazazi wanakuja kuchagua wenyewe, wananunua, wanafunga wenyewe, wanawapa watoto wao. Asiye na hela anafanya kazi dukani anapata. Yule baba sasa anaingia kwa mlango wa mbele. Mimi nataka diakonia yetu ifanye hivyo. Tuuze ndoo, 1,000, 2,000. Unga, nusu bei. Hela inarudi kwenye mfuko.

KOKU: Hapana.

ELISANTE: Hapana nini?

KOKU: Hapana yote. Baba alikimbizwa na nini? Umesema mwenyewe: gari, wageni, nguo nzuri, watoto wanatazama. Alikimbia hadhira. Wewe unatibu kwa kumwekea bei. Mimi jirani yangu akiniletea chumvi, hajaniuzia, na sijatoka kwa mlango wa nyuma.

ELISANTE: Kwa sababu kesho na wewe utampa kiberiti. Hapo kuna kurudishiana. Kanisa langu na Tandale hakuna kurudishiana, kuna mkono wa juu na mkono wa chini. Bei inaunyoosha.

KOKU: Bei inapangwa na nani? Na mkono uleule wa juu! Leo mmewapa ndoo wasizozitaka, kesho mtawauzia ndoo wasizozitaka.

ELISANTE: [anacheka] Hapana, wasipozitaka hawanunui. Ndiyo uzuri wake. Duka likikaa na ndoo 200 kwa mwezi, kamati itaelewa. Ukigawa bure kila mtu anachukua, na hatujui kitu.

KOKU: Na bibi asiye na 1,000?

ELISANTE: Anafanya kazi kidogo.

KOKU: Bibi wa miaka 80, mguu umevimba, unamwambia apange rafu?

ELISANTE: Sikusema yeye. Kutakuwa na wachache wa kusamehewa.

KOKU: Ahaa. Sasa hao wachache ndio mnaowatafutia aibu. Wote wananunua, yeye anasamehewa mbele ya foleni. Katika jumuiya yetu mtu akifiwa tunazunguka nyumba kwa nyumba, bahasha inapelekwa na mtu mmoja jioni. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamezipigania jumuiya ndogondogo tangu miaka ya 1970 na mimi nasema ile bahasha ya jioni ndiyo kazi yao nzuri kuliko zote. Bure kabisa, na hakuna anayejua ndani kuna ngapi.

ELISANTE: Na msiba ukiisha? Mtu anayehitaji kila wiki mtampelekea bahasha kila wiki mpaka lini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

KOKU: Mgeni ni nani hapo, Elisante? Wale wako kwao. Mgeni Tandale ni kanisa lako. Jembe mpewe ninyi.

ELISANTE: [kimya kidogo] Hilo umelipanga tangu nyumbani.

KOKU: Limekuja lenyewe, namshukuru Mungu. Sikiliza, nina maandiko. Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 10 na 11. Ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye ndiye akuletee. Simama nje! Wale wa mikopo ya kausha damu wanafanyaje? Wanaingia ndani, wanabeba godoro na tivii, watoto wanatazama. Mungu anamwambia mdai, pamoja na haki yako, mlango ni wa mwenye nyumba. Na hapo hakutaja kuuza wala bure. Alitaja mlango.

ELISANTE: Nafurahi umesoma sura ya 24, sasa endelea mstari wa 19. Umesahau mganda shambani, usirudi kuuchukua, ni wa mgeni, yatima na mjane. Je, wanaletewa nyumbani? Hapana. Wanakwenda wenyewe, wanainama, wanaokota. Ruthu aliokota mpaka jioni. Jasho lao limo.

KOKU: Lakini hakuna aliyesimama mwisho wa shamba na mzani.

ELISANTE: Jasho ndiyo bei!

KOKU: Jasho si bei. Boazi hakuingiza hata senti.

ELISANTE: Sijasema kanisa lipate faida. Halafu kuna mtu hujamtaja. Pale kona Tandale kuna duka la vyombo, jamaa anauza ndoo. Siku tuliyogawa zetu alifunga mapema, akaniambia, "Mmeniua, mchungaji," na mimi si mchungaji. Huyo naye ni maskini wa mtaa uleule, ana kodi ya fremu. Bure yako imempitia juu ya kichwa.

KOKU: Basi mngenunua ndoo kwake, mkagawa bure.

ELISANTE: ...Bado tungegawa ndoo.

KOKU: [wanacheka wote] Ndoo haziishi! Nimeshaona tunaonyeshwa saa hapa. Zimebaki ngapi? Dakika mbili? Elisante, jambo la pili na la tatu?

ELISANTE: Kupatanisha sijaligusa. Na la kugawana upya ndilo nililoliandikia ukurasa mzima, vikundi vya hisa, kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mfuko wa jamii, jinsi akina mama wanavyojikopesha bila kausha damu.

KOKU: Huo ukurasa upige picha uweke kwenye kundi.

ELISANTE: Picha tena?

KOKU: Ya karatasi, si ya watu. Na mimi kwenye kuuza bado sijakubali, iandikwe.

ELISANTE: Na mimi kikao cha diakonia kijacho napeleka hoja ya duka, iandikwe pia. Na mwenye duka la kona hujanijibu vizuri.

KOKU: Sijakujibu kwa sababu muda umekwisha. Wenye maoni tumeni sauti, zisizidi dakika moja, jamani, wiki iliyopita kuna aliyetuma ibada nzima. Wiki ijayo ni lile suala la mahari tuliloahidi, mgeni amethibitisha. Kwaherini.