Uwanja Wenye Mwenyewe: Southdale na Majumba ya Maduka ya Marekani

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa mwaliko huu. Habari za Wamarekani kuhama miji na kujaza vitongoji baada ya Vita Vikuu vya Pili mnazifahamu, kwa hiyo sitaanzia huko. Nitaanzia tarehe 8 Oktoba 1956, huko Edina, kitongoji kinachopakana na jiji la Minneapolis, siku lilipofunguliwa jumba la maduka la Southdale. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilieleza jumba hili, na leo mtanisikia tena, kwa sababu bado tunaambiwa kila mara kwamba majumba ya namna hii yalikuwa viwanja vya umma vya vitongoji vya Marekani. Mimi nasema yalijaa watu tangu siku ya kwanza, lakini hayakuwa ya umma hata siku moja.

Kabla ya Southdale, maduka ya vitongojini yalikuwa yakipangwa kandokando ya njia za wazi, na mteja alitoka duka moja kwenda jingine akipigwa na jua au theluji. Minnesota, jimbo ambamo Edina imo, ina baridi kali mno, na kampuni ya Dayton's iliyotaka kujenga ilijua kwamba siku nzuri za kutembea madukani kule ni chache katika mwaka. Msanifu wao, Victor Gruen, aligeuza kila kitu kielekee ndani: kuta za nje akaziacha karibu tupu, maduka yote yakatazama ua mmoja mkubwa uliofunikwa, na joto likadumishwa kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi mwaka mzima. Akaweka ghorofa mbili ili miguu isichoke, na akawashawishi wapinzani wawili wa kibiashara, Dayton's na Donaldson's, wakae chini ya paa moja. Gharama ilifika dola milioni 20.

Huo ua ndio unaonifanya nirudi kwa Southdale kila mara. Ulikuwa na miti na bwawa la samaki, tundu refu lenye ndege hai, mkahawa wenye meza zilizopangwa kana kwamba ziko kando ya barabara, na sanamu za miti ya dhahabu za Harry Bertoia zilizopanda hadi karibu na dari. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo mashuhuri wa Marekani, alikuja kuuona mwaka uleule, akaukosoa vikali kwamba umechukua mabaya yote ya barabara ya kijiji ukaacha uzuri wake. Namheshimu Wright, lakini hapo hakumtendea haki mwenzake, kwa sababu hakuuliza ua ule umetoka katika moyo wa nani.

Gruen alizaliwa Vienna mwaka 1903, Myahudi, na mwaka 1938, Austria ilipomezwa na Ujerumani ya Hitler, alikimbilia Marekani. Alikuwa amelelewa katika mji ambao mtu huketi mkahawani saa nzima kwa kikombe kimoja cha kahawa na hakuna anayemfukuza. Alipoviona vitongoji vya Marekani, aliona nyumba nzuri, na nje yake barabara ya magari. Hapakuwa na mahali pa kumkuta jirani pasipo kupanga. Sisi tuliozaliwa pwani tunaielewa haja hiyo upesi kuliko wengi, kwa sababu tumekulia barazani. Baraza limejengwa na mwenye nyumba, lakini mpita njia huketi, husalimu, huuliza habari za mgonjwa, hubishana juu ya uchaguzi, kisha huondoka bila ya kununua chochote. Gruen alitaka kuwajengea Wamarekani kitu cha aina hiyo, na msiba wake ni kwamba aliyekuwa tayari kulipia alikuwa mfanyabiashara.

Mchoro wake haukuwa wa maduka peke yake. Dayton's walinunua ekari zipatazo 460, na katika mchoro maduka yalikuwa yazungukwe na nyumba za kupanga, shule, hospitali, bustani na ziwa, ili mtu aishi, asome, atibiwe na kununua mahali pamoja. Kilichojengwa kwanza ni maduka na maegesho ya maelfu ya magari. Thamani ya ardhi iliyozunguka ikapanda, na vilivyofuata, hospitali ikiwamo, vikajengwa kila kimoja peke yake, kikitenganishwa na kingine kwa lami. Gruen alirudi Vienna, na mwaka 1978, akizungumza London, aliyakana hadharani majumba yaliyoiga kazi yake, akisema hatalipia matunzo ya watoto wa haramu. Alifariki miaka miwili baadaye.

Najua kuna atakayeniambia kwamba watu walikwenda kwa hiari yao na walifurahi. Ndiyo, walifurahi, na siidharau furaha hiyo. Wazee walitembea humo asubuhi ili kunyoosha viungo wakati nje kuna barafu, vijana walipata mahali pa kukutana mbali na macho ya wazazi, na matamasha yalifanyika uani. Lakini swali langu ni jingine: je, mtu huyo aliyefurahi angeweza kusimama palepale na kusema jambo lisilompendeza mwenye jengo?

Jibu liko katika hukumu za mahakama, na nasikitika kwamba watu wanaoandika juu ya majumba haya hawazisomi. Mwaka 1968, katika kesi ya Logan Valley iliyotoka Pennsylvania, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Thurgood Marshall, iliwaruhusu wanachama wa chama cha wafanyakazi kuandamana mbele ya duka, kwa hoja kwamba jumba la maduka limechukua nafasi ya mtaa wa biashara wa mji. Miaka minne baadaye, baada ya Rais Nixon kuteua majaji wanne wapya, mahakama ileile, kwa kura tano dhidi ya nne, iliwanyima haki watu waliogawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam katika jumba la Lloyd Center mjini Portland. Mwaka 1976 hukumu ya Logan Valley ikazikwa rasmi. Tafakarini maana yake: watu walihamishwa kutoka katika barabara ambako katiba iliwalinda, wakapelekwa kwenye ua wenye joto zuri ambako ulinzi huo haupo.

Mtaniambia kuhusu PruneYard. Kweli, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba katiba ya jimbo la California inaweza kuwalinda wanafunzi waliokuwa wakikusanya saini katika jumba hilo, lakini ni majimbo machache yaliyoifuata njia hiyo. Minnesota, nyumbani kwa Southdale, iliikataa mwaka 1999, katika kesi ya watu waliopinga biashara ya manyoya ndani ya Mall of America. Na jumba hilohilo, tangu mwaka 1996, lilikuwa limepiga marufuku wenye umri chini ya miaka 16 kuingia bila mtu mzima jioni za Ijumaa na Jumamosi. Halmashauri ya mji ikitunga amri kama hiyo kwa barabara zake, ni lazima iijadili hadharani na wapiga kura waweze kuiadhibu; mwenye jumba hutosheka na kubandika tangazo.

Muda wangu unakwisha, na nilitaka kueleza sheria ya kodi ya mwaka 1954, iliyowaruhusu wawekezaji kukata kwa haraka gharama ya uchakavu wa majengo mapya katika mapato yanayotozwa kodi na hivyo kuyafanya majumba haya yachipuke hata pale yasipohitajika. Nilitaka pia kueleza hati za viwanja katika mtaa wa Country Club hapohapo Edina, zilizokataza mtu asiyekuwa mzungu kuishi humo, maana huwezi kuusifu ua bila kuuliza majirani waliochaguliwa ni akina nani. Northland, kituo kingine cha maduka alichokijenga Gruen karibu na Detroit mwaka 1954, ilifungwa mwaka 2015, na wakazi wa Southfield, mji ilimokuwa, waliokuwa wakikutana pale hawakuwa na kura ya kuizuia isifungwe. Southdale bado imesimama.

Nimeona mkono umeinuliwa kule nyuma, na nadhani ni kuhusu New Jersey, ambako mwaka 1994 mahakama ya jimbo iliruhusu vipeperushi vya kupinga vita vigawiwe katika majumba makubwa ya maduka. Karibu, ndugu yangu, uliza.