Keats Aliuguza Kwanza

Ndugu zangu, asanteni. Mlionisikia siku zilizopita mnajua ninakoelekea, na nitaelekea huko huko: tuache kuwaogopa washairi hawa wa Uingereza, akina Keats, Wordsworth na Shelley, na tuache kuwadhania kuwa ni watu wa maua na machozi ya bure. Mimi sifundishi fasihi. Nasoma jioni, kazi ikiisha, na nasoma kwa sauti.

Chukueni "Ode to a Nightingale", shairi la John Keats kwa ndege mwimbaji, la mwaka 1819. Wengi hukimbilia ndege na mvinyo wa beti mbili za mwanzo. Mimi kilichonikalisha kitako ni ubeti wa tatu. Humo watu wameketi wanasikilizana wakigumia. Mzee anatetemeka, mvi zake chache za mwisho zinatikisika naye. Kijana anasawijika, anakonda kama mzuka, anakufa. Hiyo ni wodi, jamani! Aliyeandika hayo alifunzwa Guy's Hospital, London, akiwasaidia wapasuaji na kufunga vidonda, zama ambazo mtu alikatwa mguu akiwa macho, kwa maana upasuaji kwa etha, dawa ya kumlaza mgonjwa, ulianza kuenea baada ya 1846. Keats alimuuguza mdogo wake, Tom, kifua kikuu kwa mikono yake mwenyewe, hadi kijana yule akafariki tarehe 1 Desemba 1818, ana miaka 19. Shairi likaandikwa miezi michache tu baadaye. Aliyewahi kukesha na mgonjwa anayekohoa haujii ubeti huu kama mgeni. Na Keats mwenyewe ugonjwa ule ule ulimuua Roma, 1821, akiwa na miaka 25.

Mtaniuliza: Bacchus, mungu wa mvinyo, na Lethe, mto wa usahaulifu katika hekaya za kale, utavielewaje bila maelezo? Maelezo yapo, yasomwe baadaye. Malenga akighani hatumkatizi kila ubeti kumuuliza maana, tunasikiliza kwanza. Tena sisi tuliolelewa na mizani tuna sikio la kazi hii. Beti zote nane zina mishororo kumi kumi, na kila mara wa nane ni mfupi kuliko wenzake. Katika ubeti wa tatu, ufupi huo umeangukia pale pale penye kukata tamaa, macho yamekuwa mazito kama madini ya risasi. Ukiusoma kwa sauti, pumzi yako inakatika hapo. Kwa macho peke yake utaupita.

Wengine husema huyu anaukimbia ukweli, anatamani kufa akisikiliza wimbo. Ni kweli, anatamani. Lakini someni hadi ubeti wa mwisho: anakiri mwenyewe kwamba njozi haidanganyi vizuri kama inavyosifiwa. Ndege anaondoka, yeye anabaki, hajui kama yu macho au amelala. Mkimbizi gani huyo anayerudi kutoa taarifa?

Wordsworth nitampitia haraka, naona mwenyekiti ananitazama. Shairi la maua ya manjano kando ya ziwa linadai alikuwa akitembea peke yake. Dada yake Dorothy alikuwa naye siku hiyo, 15 Aprili 1802, na aliyaeleza maua hayo katika shajara yake miaka kadhaa kabla shairi halijachapishwa. Nalipenda shairi, na kila nikilisoma naudhika kwa ajili ya Dorothy. Yote mawili nayasema bila aibu.

Shelley sitamfikia leo. Nakala za Keats zinazunguka. Mmoja atusomee ubeti wa tatu, polepole, kisha tuanze maswali.