Acheni Kupogoa Miembe Mwezi wa Tano

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema mpaka wengine wananiita Bwana Mwezi wa Tano. Niiteni mtakavyo.

Kila mwaka ni yale yale. Masika yanakwisha, mtu anautazama mwembe wake, anaona umesongamana, anaita vijana wanaufyeka vizuri kabisa. Kufika mwezi wa saba, jirani ana maua. Yeye ana majani machanga mekundu, yanang'aa hayo! Hapo ndipo anapoanza kutafuta mchawi. Mchawi ni panga lako. Ua la mwembe hutoka kwenye ncha ya tawi lililokomaa. Ubaridi wa kipupwe husaidia, lakini huku pwani si mkali, kwa hiyo umri wa tawi una uzito mkubwa zaidi. Tawi lililotulia miezi minne mitano bila kuchipua liko tayari. Changa halisikii. Ukikata mwezi wa tano, mti unachipua upya, na mwezi wa saba chipukizi hilo bado ni mtoto. Pogoa ukishachuma, Januari au Februari, basi.

Najua atakayesema: "Mbona babu aliwasha moto chini ya mwembe na maua yakatoka?" Kweli. Wafilipino nao walikuwa wakifukiza miembe yao, maana moshi una gesi ya ethilini, inayoamsha maua. Miaka ya 1970 Mfilipino mwenzao, Ramon Barba, akaonyesha kwamba kunyunyizia nitrati ya potasiamu kunafanya kazi hiyo bila mtu kukohoa. Lakini si moshi wala dawa itakayoliamsha tawi changa. Kamuulize babu alikuwa anapogoa lini.

Mbaazi je? Zile za muda mrefu, za Lindi na Mtwara, zinafuata urefu wa usiku. Mchana ukifupika zinatoa maua. Ukichelewa kupanda, zinachanua vilevile, fupi hivyo hivyo. Na msiniambie huku kwetu mchana haubadiliki! Mtwara, mchana mrefu kuliko yote unaupita mfupi kwa zaidi ya saa moja. Watafiti wawili, Garner na Allard, walilieleza jambo hili kule Marekani mwaka 1920, kwa tumbaku.

Tofauti kubwa kati ya mmea wa miaka mingi, kama mwembe, na wa msimu mmoja iko hapa. Kuna kimmea kinaitwa Arabis alpina, kinaota hata juu Kilimanjaro. Mwaka 2009 watafiti wa Köln, Ujerumani, walieleza jeni yake iitwayo PEP1, ambayo ni breki ya maua. Baridi inaiachia breki, machipukizi yaliyopo yanachanua. Joto likirudi breki inakaza, na machipukizi mapya yanabaki na majani tu, akiba ya mwaka ujao. Ndugu yake wa msimu, Arabidopsis, breki ikishaachia haikazi tena: anachanua, anazaa mbegu, anakufa. Mwembe una njia zake, sisemi ni jeni hiyo hiyo, lakini nao hautumii ncha zote mara moja.

Kahawa nilitaka kuieleza kwa urefu, mwenyekiti ananionyesha saa. Haya: matumba yake hulala kiangazi, mvua ikinyesha yanachanua baada ya siku kumi hivi. Ukimwagilia kidogo kidogo kiangazi chote, yanachanua ovyo ovyo, na utachuma mpaka uchoke.

Maswali? Wewe wa nyuma, mwenye kofia, unatikisa kichwa tangu niliposema moshi.