Namna ya Kutumia kwa Pamoja Soketi ya Jiko la Umeme Katika Nyumba ya Kupanga

Habari za wakati huu, watazamaji wetu. Video hii tumewaandalia wapangaji wanaoishi katika nyumba kama zile za Nyegezi, Malimbe na Buhongwa hapa Mwanza, ambako familia mbili au wanafunzi kadhaa hutumia jiko moja na mita moja ya LUKU, na ukutani pana sehemu moja tu iliyofanyiwa wayaringi ya jiko la umeme. Huyu ana mashine ya kufulia, yule ana birika na oveni ya mezani, na kila mmoja anaitaka soketi hiyo. Tutaonyesha namna ya kuitumia kwa zamu, kwa sababu kinachoweza kugawanywa hapa ni muda, na anayejaribu kuugawa waya anatafuta moto.

Hatua ya kwanza ni kuitambua soketi yenyewe. Tazameni kibao hiki kipana chenye swichi kubwa nyekundu, na pembeni yake soketi ya kawaida ya matundu matatu. Wengi huona ukubwa wa swichi wakadhani kwamba soketi nayo hubeba mzigo mkubwa kuliko zile za sebuleni, jambo ambalo si kweli. Swichi kubwa hulihudumia jiko lililounganishwa moja kwa moja, kwa kawaida kupitia waya wa milimita mraba 6 na breka (swichi inayojikata yenyewe mkondo unapozidi) ya ampea 32, lakini soketi ya pembeni ni ya ampea 13 tu. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, hivyo ukizidisha unapata wati 2,990, na hicho ndicho kikomo cha soketi hiyo hata mkiichomekea vifaa vingapi.

Hatua ya pili, geuzeni kila kifaa msome kibandiko chake. Hapa tuna birika la wati 2,200, na mashine ya kufulia inayotumia wati 2,000 wakati wa kuchemsha maji. Jumla yake ni wati 4,200, ambazo ukizigawa kwa 230 unapata ampea 18 na ushei. Naomba tukae kidogo kwenye hesabu hii, kwa kuwa ndipo wapangaji wengi wanapojidanganya. Ampea 18 haziangushi breka ya 32, kwa sababu breka ile kazi yake ni kuulinda waya mnene uliomo ukutani. Haijui kabisa kwamba mbele yake kuna ekstensheni nyembamba ya dukani. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi nayo haikatiki papo hapo mkondo unapozidi 13, bali inaweza kuvumilia ampea 18 kwa muda mrefu, huku plagi, soketi na waya vikizidi kupata joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne. Kwa hiyo taa zitawaka, breka itakaa kimya, na plastiki itaendelea kulainika taratibu nyuma ya kabati bila mtu kujua.

Hatua ya tatu ni kupanga zamu. Andikeni saa za kila mmoja kwenye karatasi, muibandike juu ya soketi, na kanuni iwe kifaa kimoja kinachozalisha joto kwa wakati mmoja. Mashine ya kufulia ikiwekwa kwenye maji ya baridi hutumia mota pekee, yaani sehemu ndogo sana ya zile wati 2,000, na LUKU pia inapona: wati 2,000 kwa nusu saa ni uniti moja nzima. Anayemaliza zamu azime swichi kwanza, kisha achomoe plagi kwa kushika plagi yenyewe na si kwa kuvuta waya.

Ekstensheni na zile adapta za kugawa matundu zisitumike hapa. Vilevile kuna tabia ya kuingiza kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili ipite, tafadhali iacheni. Tundu hilo ni la ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na pini ndefu ya plagi halali ndiyo inayofungua vizibo vya matundu yenye umeme. Ukitumia kalamu unavifungua vizibo hivyo ilhali kifaa hakina ethi, na pini nyembamba hukaa kwa kulegea, zikitoa cheche ndogondogo zinazoacha alama ya kahawia kama hii mnayoiona kwenye soketi yetu ya mfano. Soketi yenye alama hiyo haisafishwi, inabadilishwa.

Ikiwa zamu kwa karatasi haiwezekani, mwombeni mwenye nyumba, kwa maandishi, amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aweke swichi ya chenjiova, ya namna ileile inayochagua kati ya umeme wa gridi na jenereta, ili jiko likiwashwa soketi ya mashine ikatike, na kinyume chake. Mpangaji asiifanye kazi hii mwenyewe.

Fundi huyo akija, mwombeni pia apime ethi. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na nondo ya ethi mara nyingi hugonga jabali kabla ya kufika kina kinachofaa, kisha wakati wa kiangazi udongo mchache ulioizunguka hukauka na kupitisha umeme kwa shida. Kwa sababu hiyo, kikata umeme cha miliampea 30, yaani kile kinachokata umeme unapovuja, chenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T, si anasa kwa nyumba ya Mwanza, hasa jikoni kwenye sakafu yenye maji. Kikiwepo, bonyezeni kitufe hicho kila mwezi. Kisipokata umeme, kimeharibika.

Umeme ukikatika, zimeni swichi ya jiko na mchomoe vifaa vyote, kwani ukirudi usiku wakati sahani ya jiko imeachwa imewashwa, hakuna atakayekuwa macho kuiona.

Mwisho ni breka inaposhuka. Chomoeni kila kitu, kisha iinueni mara moja tu. Ikishuka tena huku hakuna kifaa kilichochomekwa, iacheni chini na mwite fundi, kwa kuwa huenda shoti iko kwenye waya wa ukutani au kwenye kibao chenyewe. Akitokea mtu wa kuwashauri mweke breka ya ampea 40 au 63 ili isisumbue, mkatalieni, maana waya uliomo ukutani utabaki kuwa uleule wa milimita mraba 6.