Usikubali Kupunguziwa Miaka

Mhadhara kwa akina mama na vijana wa usharika, Tukuyu, wilayani Rungwe

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu, shikamooni. Wenyeji wote, mugonile. Nawashukuru kwa kuja na mvua hii, maana hapa kwetu ukisema ungoje ikatike ndipo utoke, hutoki.

Kabla sijafungua Biblia, tazameni hapa mezani. Nimekuja na maparachichi mawili. Yote yametoka kwenye mti mmoja ulio nyuma ya jiko langu, na yote yamechumwa na mikono ileile ya mpwa wangu. Hili la kwanza alilichuma wiki tatu zilizopita. Mnunuzi alipita na gari, akasema anabeba mzigo siku hiyohiyo na pesa anatoa taslimu. Kijana hakuniuliza, akapanda. Yule mnunuzi alipochagua, akayaacha matano. Nikayaweka kabatini. Sasa mama mmoja pale mbele anisaidie, alishike. Umelibonyeza? Limesinyaa, ngozi imejikunja kama ya mzee, lakini ndani ni gumu kama mpira wa ndala. Halitalainika tena. Hata nguruwe nimempa mwenzake akaliacha.

Hili la pili lilibaki juu likachumwa baadaye, likakaa kabatini siku nane. Lishike na hilo. Eee! Kidole kinazama.

Wengi wenu mnalima parachichi, mnajua kuliko mimi. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, kisha linaiva likishachumwa. Na siku ya kuchuma, changa na lililokomaa yote ni magumu, yote yana uzito mkononi. Ukiyaweka kwenye kreti moja huwezi kuapa lipi ni lipi. Tofauti inakuja kuonekana mezani kwa mlaji, wakati mti umeshabaki kule nyuma na huwezi kulirudisha kwenye kikonyo chake.

Nimeanza na hayo kwa sababu nataka kusema juu ya watu wanaopita na gari wakikwambia uchume leo.

Tufungue Yeremia sura ya 29. Najua, mkisikia sura hiyo mdomo unakimbilia mstari wa 11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Tunauandika kwenye kadi za harusi, tunaubandika kwenye vioo vya magari, umechapwa hadi kwenye vitenge vya kwaya. Mstari wa 11 tunaujua. Wa 10 je? Mungu anawaambia watu waliochukuliwa mateka kwamba atawajilia na kuwarudisha kwao miaka sabini ya Babeli itakapotimia. Sabini! Fikiria mama wa miaka arobaini ameketi pale Babeli, barua ya Yeremia inasomwa. Anahesabu kwa vidole. Anajua kabisa kwamba yeye nyumbani hafiki. Labda mwanawe, na huyo mwana naye awe mzee. Yale mawazo ya amani tunayoyabandika kwenye vioo yalimfikia mtu wa namna hiyo.

Ndugu zangu, rudini sura moja nyuma, ya 28, maana hapo ndipo penye jambo. Kulikuwa na nabii anaitwa Hanania. Alisimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akasema: miaka miwili tu. Ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vinarudi, mfalme anarudi, mateka wote wanarudi. Angalieni vizuri, Hanania hakuwaambia watu waabudu sanamu. Alitumia jina la Bwana. Hata alichoahidi, kurudi nyumbani, ni kilekile alichoahidi Yeremia. Alichofanya ni kupunguza miaka.

Na Yeremia alijibu nini? Alisema, Amina, Bwana na afanye hivyo. Mstari huo unanigusa kila nikiusoma. Yeremia naye alitamani iwe miwili. Hakufurahia ile sabini. Mtu anayekwambia ukweli kuhusu kungoja si lazima awe na moyo mgumu. Pengine anatamani kuliko wewe. Hanania akaichukua nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kuwa ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja, na watu nadhani walipiga makofi. Yeremia akaenda zake. Neno la Bwana lilipomjia tena, alitumwa amwambie Hanania: umevunja nira za mti, badala yake zitakuwa nira za chuma. Mwaka uleule Hanania akafa.

Akina Hanania tunao. Sitataja mtu wala mahali. Ila mnaujua ule ujumbe unaoingia kwenye simu: siku 21 na mlango wako wa ndoa unafunguka, tuma sadaka ya mbegu kwa namba hii. Kijana amemaliza chuo cha ualimu, mwaka wa nne yuko nyumbani anangoja ajira, anaambiwa kabla ya Pasaka atakuwa ameitwa. Pasaka inapita. Sasa yule kijana hamuulizi aliyemtabiria. Anajiuliza mwenyewe: imani yangu ina kasoro gani? Ahadi fupi ya uongo inamfanya mtu aone Mungu amechelewa, kumbe Mungu hakutoa tarehe ile.

Nami niliwahi kupewa tarehe, nawaambieni wazi, maana wengine mnanijua na mmenyamaza kwa heshima. Nilikuwa na mwaka wa sita ndani ya ndoa, bila mtoto. Mhubiri mmoja mgeni akaniwekea mkono kichwani akasema, mwaka kesho wakati kama huu utakuwa umepakata mwana. Nilirudi nyumbani nikiimba. Jumamosi yake nikaenda sokoni nikanunua mbeleko, kitenge cha maua ya manjano, nikaikunja nikaiweka chini kabisa kwenye sanduku, juu yake nikaweka dawa ya nondo. Kila mwezi nilikuwa nainua nguo, naiangalia, naifunika tena. Wakati kama huu ukafika. Ukapita. Mume wangu hakusema neno, alinichotea tu maji ya kuoga siku ile, na yeye si mtu wa kuchota maji.

Mtoto wa tumbo langu sikupata. Sasa nina miaka sitini na moja. Mbeleko ile imebeba watoto wanne, wote wa majirani na wa mdogo wangu. Msiniambie kwamba hao ndio jibu la ombi langu. Nawapenda, lakini nilichoomba nilikijua na Mungu anakijua. Nataka niruhusiwe kubaki na swali hilo mbele zake bila mtu kunifungia kwa haraka.

Waebrania 11 inanipa ruhusa hiyo. Baada ya kuwataja akina Habili, Henoko, Nuhu, Ibrahimu na Sara, inasema hawa wote wakafa katika imani, wasijapata zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia. Kushangilia kitu kilicho mbali. Sisi tunajua kushangilia kilichofika tu.

Na tunaposema juu ya Ibrahimu, tusiruke katikati. Alitoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa ana miaka 100. Hapo katikati kuna Hajiri. Walipokaa Kanaani miaka kumi, Sara akaona muda umekwisha, akampa Ibrahimu mjakazi wake huyo ili amzalie mtoto. Tunahubiri sana kwamba ilikuwa haraka ya Sara. Lakini nani alilipa? Hajiri alilipa, kule jangwani, kiriba cha maji kimekwisha, mtoto amemlaza chini ya kijiti akiketi mbali asimwone akifa. Wakubwa wakikosa subira, mara nyingi anayeumia ni mdogo wa nyumbani. Mabinti zetu wanaopelekwa kuolewa kabla hawajamaliza shule kwa sababu nyumba imechoka kungoja, hao ni akina Hajiri.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo tukae tu? Barua ya Yeremia imejibu kabla hamjauliza. Jengeni nyumba, mkakae ndani yake. Kapandeni bustani, mkale matunda yake. Oeni, ozesheni, utakieni mji ule amani. Hayo anaambiwa mateka! Hanania angekuwa sahihi, hakuna ambaye angepanda hata mchicha. Watu wangekaa juu ya mizigo yao miaka miwili. Mtu aliyepewa tarehe fupi hapandi.

Hapa kwetu tuna mfano wetu. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891. Miaka 25 baadaye, 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaiteka nchi hii ya kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Makanisa yakabaki. Hapakuwa na aliyewaambia waumini ni miaka mingapi. Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari wa Kiskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo kule Malawi ya leo, walisaidia kadiri walivyoweza, lakini umbali wenyewe mnaujua. Waliobeba kazi ni wainjilisti na walimu wa hapahapa, babu zetu, na bibi zetu ambao majina yao hayakuandikwa. Jumapili ilikuja, wakasali. Watoto walitaka kujua kusoma, wakafundishwa. Nikiwafikiria najiuliza, wangekuwa wameambiwa kwamba wazungu wanarudi Krismasi ijayo, je, wangefundisha? Au wangefunga milango wangoje? Wale waliorudi walikuta kanisa linalosimama kwa miguu yake, na watu waliokwisha kujua kwamba wanaweza.

Hayo ndiyo ninayoyaita kukomaa mtini. Kwa nje halionekani. Unabaki mgumu, kijani, juu pale na ukungu na baridi ya Juni, na kila siku unafanana na jana. Lakini kikonyo bado kimeshika, na kinachopita ndani ya kikonyo hakionekani kwa mtu aliye chini na kreti yake.

Nina ombi moja kwa wazee wa kanisa, na naliomba kwa heshima. Kila Jumapili tunaita ushuhuda. Anakuja aliyepata kazi, aliyepona, aliyejifungua salama, tunapiga vigelegele, na ni vema kabisa. Lakini kwa miaka yote niliyoketi kwenye benchi lile la tatu sikuwahi kusikia tukiita anayengoja. Hana kipaza sauti mpaka apate. Kwa hiyo tunajifunza kwamba Mungu yuko mwishoni tu, na yule aliye katikati anakaa kimya, anaona haya, mwisho anatuma sadaka kwa ile namba ya simu.

Leo kabla ya kuingia humu, dada mmoja alinishika mkono pale mlangoni. Akaniambia jambo lake, ni mwaka wa tisa. Nikamuuliza kama angependa kulisema mwenyewe, akafikiri kidogo, akasema ndiyo, mradi asiulizwe maswali wala asiwekewe tarehe. Nimemwahidi. Naomba kijana wa vyombo apeleke kipaza sauti kule nyuma, karibu na dirisha, kwa huyo mwenye shali ya bluu. Karibu, mwanangu. Sema taratibu, tunakusikia.