Kutoka Karabai hadi Betri ya Lithiamu: Umeme wa Jua Unavyokua Kando ya Ziwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi na wanafunzi, na wazee wetu wa mialoni, huko ufukweni samaki wanakoshushwa, mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi ya leo, nawasalimu na kuwashukuru.

Nimeombwa nieleze mambo yanayoifanya nishati ya jua ikue kwa kasi tunayoiona. Nitaanza na karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, kwa sababu kila aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaijua. Katika usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, mtu akisimama juu ya mawe ya Capri Point, hapa Mwanza, aliona msururu wa taa majini hata akadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Taa zile ziliwashwa kwa ajili ya dagaa, ambao huufuata mwanga, na kila taa ilikunywa mafuta ya taa usiku kucha. Mvuvi alipampu, akabadilisha utambi uliochanika kwa mtikisiko wa mawimbi, na kioo kilichopata tone la maji baridi kilipasuka mkononi mwake. Leo sehemu kubwa ya taa hizo ni za balbu za LED zenye betri, na baadhi ya betri hizo huchajiwa mchana kwa paneli zilizotandazwa ufukweni, jirani na dagaa wanaoanikwa. Hakuna aliyekwenda mwaloni kuwahubiria wavuvi habari za tabianchi wakaitikia. Tajiri wa mtumbwi alipiga hesabu ya mafuta ya mwezi mmoja, akaulizia bei ya betri, akaamua.

Hesabu hiyo isingewezekana miaka ishirini iliyopita. Seli ya jua, yaani kile kipande cha paneli kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa mwaka 1954 na watafiti wa Bell Labs, nchini Marekani, nayo iligeuza takribani asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Kwa miaka mingi iliyofuata, mteja wake alikuwa mtu asiyejali bei, kama wale waliorusha setilaiti. Katikati ya miaka ya 1970, wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 100 kwa thamani ya fedha ya miaka ya karibuni. Leo wati hiyohiyo inatoka kiwandani kwa senti kumi na kitu za dola. Katikati hapo yalitokea mambo mawili makubwa: Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, ilimhakikishia kila mwenye paneli bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20, na hivyo ikatengeneza soko mahali ambapo soko halikuwapo, kisha China ikajenga viwanda vya kulilisha soko hilo, hadi leo zaidi ya asilimia 80 ya kazi katika kila hatua ya kutengeneza paneli inafanyika huko. Wachumi wameona kanuni inayorudi tena na tena: kila mara jumla ya paneli zilizowahi kutengenezwa duniani inapoongezeka maradufu, bei hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana dunia ilitumia karibu miaka 70 kufikisha terawati ya kwanza ya sola, yaani wati trilioni moja, mwaka 2022, halafu ikahitaji miaka miwili hivi kuipata ya pili.

Kuhusu ubunifu ndani ya paneli yenyewe nitasema machache. Paneli za dukani leo hugeuza asilimia 20 na zaidi ya mwanga kuwa umeme, na nyingine hupokea mwanga pande zote mbili. Maabara zimepandisha tabaka la kemikali zinazoitwa perovskaiti juu ya silikoni na kuvuka asilimia 34, ila tabaka hilo bado linasumbuliwa na unyevu na joto, vitu ambavyo sisi wa ziwani hatuvinunui. Asiwepo wa kuniambia kwamba anasubiri perovskaiti ndipo afunge sola nyumbani kwake.

Nyongeza iliyo karibu zaidi nasi ipo juu ya bati. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza nguvu yake kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Fundi anayeilaza paneli ikagusana na bati, saa saba mchana ikafika nyuzi 65, amempotezea mteja wake zaidi ya sehemu moja ya kumi ya alichonunua. Nafasi ya kiganja kimoja, upepo wa ziwa upite chini yake, haigharimu kitu. Jambo jingine ni mwinamo. Nimeona paneli hapa mjini zikiinamishwa kama mapaa ya Ulaya, kwa kufuata mchoro wa kwenye boksi. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Nyuzi kumi kuelekea kaskazini zinatosha, tena sababu kubwa ya hata hizo kumi ni kwamba mvua iteremke na vumbi.

Sasa nageukia betri, na hapa nitakaa. Mezani pangu ziko mbili, zote zimeandikwa volti 12 na ampea-saa 100. Ile nyeusi ni betri kavu ya risasi, ina kilo 29. Mwanafunzi aliyeileta amepumzika mara mbili kwenye ngazi. Hii ya bluu ni ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti, na haifiki kilo 12. Kwa maandishi zinalingana. Kwa kazi hazilingani hata kidogo. Betri ya risasi ukiitoa zaidi ya nusu kila usiku unaiua, kwa hiyo kati ya wati-saa 1,200 ulizonunua (volti 12 mara ampea-saa 100) unazoruhusiwa kutumia ni 600, nayo itastahimili mizunguko mia kadhaa tu ya kuchajiwa na kutumika kabla ya kuchoka. Ya lithiamu hutoa zaidi ya wati-saa 1,000 bila kudhurika na hustahimili mizunguko 3,000 na kuendelea, yaani zaidi ya miaka minane ya kila siku. Bei yake dukani inashtua, lakini ukiigawa kwa usiku itakaotumika, ya risasi ndiyo ghali. Na bei yenyewe inashuka: kwa wastani wa dunia, betri za lithiamu zimepoteza karibu asilimia 90 ya bei zilizokuwa nayo mwaka 2010, kwa sababu viwanda vya magari ya umeme vimezitengeneza kwa wingi ambao sisi wa sola peke yetu tusingeweza kuuleta.

Maandishi ya kwenye betri yanaweza hata kudanganya, na mimi mwenyewe niliumwa na nyoka huyu. Miaka michache iliyopita nilimnunulia mama yangu betri ya risasi, imeandikwa ampea-saa 100, katika duka moja ambalo sitalitaja. Niliibeba kwa mkono mmoja hadi stendi nikifurahia wepesi wake, mimi niliyesomea umeme. Mwezi wa saba taa zikawa zinazimika saa mbili usiku. Nilipoipima, ilikuwa na kilo 17. Risasi iliyopaswa kuwamo haikuwamo. Tangu hapo naingia dukani na mizani ya samaki, na wenye maduka hunitazama kwa namna yao.

Tukija kwenye malipo: kaya nyingi za vijijini hazikosi fedha za taa, zinakosa fedha nyingi kwa mkupuo. Kampuni kama M-Kopa, iliyoanzia Kenya, ziliunganisha sola na malipo ya simu, mteja akalipa kidogo kidogo kama alivyokuwa akinunua kibaba cha mafuta, na kifaa kikajifunga chenyewe asipolipa. Naukubali utaratibu huu, ingawa nawasihi wateja wajumlishe malipo yote hadi mwisho kabla ya kuweka saini.

Visiwani mambo yamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME iliwasha gridi ndogo ya sola katika kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara. Somo la Ukara, kwa maoni yangu, ni la mchana. Nyumba huwasha taa na televisheni jioni, wakati jua limekwishazama, na kila uniti ya jioni lazima ipitie kwenye betri. Mchana, umeme ulio rahisi kuliko wote unakosa mtumiaji. Mashine ya kusaga, kiwanda cha seremala na jokofu la samaki ndivyo vinavyoishikilia gridi ya namna hiyo. Kampuni ile ilifika mahali pa kununua sato kwa wavuvi na kuwagandisha kwa umeme wake ili wauzwe mbali. Muuza umeme amegeuka mnunuzi wa samaki, na sioni ubunifu mkubwa kuliko huo katika maabara yoyote.

Gridi ya taifa nayo inaanza. Huko Kishapu, mkoani Shinyanga, TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ina mradi wa sola uliopangwa kufikia megawati 150, ukianza na 50. Ni kidogo mbele ya megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, lakini vinafaana: jua la mchana linapofanya kazi, maji yanaweza kubaki bwawani yakingoja saa moja jioni, na kiangazi kinachopunguza mito ndicho kinacholeta anga jeupe.

Muda wangu unakaribia mwisho, na betri hizi mbili tangu saa mbili zimeunganishwa kila moja na balbu ya wati 50. Mafundi wawili waje mbele na voltmita zao. Tusome zimebaki na volti ngapi, kisha tuifungue ile nyeusi.